Mchomoko na Uishi Miaka Mingi

Mlango wa nyuma wa kushoto haufunguki kwa ndani. Abiria mzoefu wa Kasulu hasumbuki: anazungusha kioo kikashuka, anatoa mkono nje, anavuta kitasa, anateremka. Mgeni ndiye anayebaki akipapasa mpaka dereva azunguke kuja kumfungulia, kama anavyofunguliwa waziri. Yako wapi magari mengine yanayompa mwenye nauli ya kuungaunga heshima ya namna hiyo?

Gari lenyewe ni Toyota Probox, na kazi yake ya kubeba abiria ndiyo iliyolipa jina la mchomoko. Jina limetoka kwenye kuchomoka, na asiyejua atadhani wamesifia mwendo. Mwenye gari anajua kinachochomoka: kwanza bampa, kisha kioo cha pembeni, na mwisho bomba la moshi, ambalo huning'inizwa kwa waya na safari ikaendelea.

Tusidharau ukoo wake. Probox ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, ikirithi nafasi ya Corolla ya mizigo. Ni gari la kampuni, la kijana wa mauzo anayezunguka na sampuli. Ndiyo maana kwenye dashibodi lina kimeza cha kuvuta, cha kuwekea kompyuta au chakula cha mchana. Lilipimwa kubeba kilo 400 likiwa na watu wawili. Huko kwao, gari la mizigo la aina hii likishapita miaka miwili ya mwanzo hukaguliwa kila mwaka, wakati gari la familia hukaguliwa kila baada ya miaka miwili. Kampuni ikipiga hesabu, inaliuza mapema, nalo linapanda meli.

Likishuka Dar es Salaam linapata umri mpya. Kwa Mtanzania gari halizeeki kwa mwaka wa kutengenezwa, linazeeka kwa herufi ya namba: "namba D" ni kijana hata kama alizaliwa kabla ya "namba B" wa jirani. Na wako mafundi wanaojua kurudisha kilomita nyuma. Kiumbe gani mwingine huvuka bahari akafika akiwa mdogo kuliko alivyoondoka?

Kwa sheria ni la watu watano pamoja na dereva. Mchomoko unaona hilo ni pendekezo. Mbele wanakaa wawili kwenye kiti kimoja, na goti la aliye karibu na dereva linakuwa palepale gia inapotaka kwenda. Nyuma ni wanne, buti ni ya wanaoweza kukunja miguu, na juu ya paa kuna gunia la maharage na godoro. Kabla ya kufika Kabanga, kila mtu anajua nani anampelekea mgonjwa uji pale hospitali ya misheni, nani anarudi chuo cha ualimu, na nani anadaiwa. Ukaribu huo una gharama yake: ajali ikitokea, majeruhi huzidi idadi ya viti.

Lakini sifa kubwa ni uimara, na hapa wenye magari huongea kwa hisia. Injini yake maarufu, 1NZ-FE ya sisi 1,500, ndiyo iliyomo kwenye IST, Spacio, Sienta na baadhi ya Vitz. Hata Prius ya kwanza ya mwaka 1997 ilitumia ndugu yake. Taimingi yake ni ya cheni, si ya mkanda wa kubadilishwa kila kilomita laki moja. Maana yake ni kwamba IST iliyogonga mti Kigoma mjini ina urithi wa kugawa mpaka Kibondo. Spea haikosekani, kinachokosekana ni hela.

Na vioo vya umeme? Probox nyingine hazina, basi haviharibiki.

Ukitaka ukweli, muulize tajiri anayesubiri hesabu jioni. Atakwambia gari halijawahi kumsumbua. Mwache anywe chai, kisha muulize tena. Bushi za mbele zinakwisha, anabadilisha. Shokapu zinavuja, anabadilisha moja. Springi za nyuma zimelala kwa mizigo, fundi amezinyanyua kwa spesa, na sasa gari linatembea limeinua makalio kama bata. Injini imeanza kunywa oili, kwa hiyo chini ya kiti kuna kidumu. Rejeta imekula kutu kwa sababu ya kujazwa maji ya kisima badala ya kulanti; fundi akang'oa themostati ili injini isichemke, na tangu hapo haipati joto lake na inakunywa mafuta zaidi. Haya yote tajiri hayaiti matatizo. Matatizo ni yale usiyojua yatakuja lini, na ya Probox anayajua kama anavyojua siku ya mnada.

Adui wa mchomoko ni mmoja tu: lami. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 bila kupanda milima ya Buha, kwa hiyo Kasulu na Kibondo ziliachiwa vumbi jekundu na magurudumu. Miaka yote hiyo, kila mlio ulikuwa kosa la barabara. Kisha ukaja mradi wa Kabingo–Kibondo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Barabara ikanyamaza, na abiria kwa mara ya kwanza wakasikia kuwa kelele zilikuwa za gari.

Stendi ya Kasulu, dereva amefunua boneti. Anamimina oili kwa jicho, anaigonga boneti mara tatu mpaka ishike. Bibi mwenye kikapu cha migebuka anamtazama.

"Mwanangu, hili litafika kweli?"

"Shikamoo bibi. Jana lilifika."

Bibi anaitikia marahaba, analitazama bomba la moshi na waya wake, kisha anasogea kwenye mlango wa nyuma wa kushoto na kusubiri afunguliwe.