Desturi Imehamia Ploti ya 50 kwa 100

Mama watoto ameamua turudi kwenye maisha ya wazee wetu. Sina ugomvi na wazee wetu, ila wao walikuwa na nafasi. Sisi tuna ploti ya futi 50 kwa 100 pembezoni mwa mji wa Kericho, thumuni ya ekari, na humo humo mna nyumba, tangi la maji, kamba ya nguo zisizokauka, na mimi.

Nguo hazikauki kwa sababu mvua ya huku haijui likizo. Asubuhi jua, alasiri radi, mara mvua ya mawe. Ni mvua hii iliyowavutia Waingereza kuja kufungua mashamba makubwa ya chai miaka ya 1920, na hadi leo mkulima wa huku hupanda majani chai mpaka chini ya dirisha, kisha sukuma wiki akanunua sokoni. Mpango huo ulinifaa sana. Sasa sukuma imeota kwenye magunia ya udongo yaliyotobolewa ubavuni, mboga za kienyeji, managu na saget, zimejipanga ukutani, na kuku wa kienyeji wamepewa kibanda cha pikipiki yangu. Pikipiki inalala nje. Jogoo analala ndani, na saa tisa usiku huamka kunikumbusha hivyo. Mawe yakianza kudondoka, natumwa nikafunike mboga kwa nailoni. Wa kunifunika mimi hayupo.

Ila mzigo wenyewe ni mursik, maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu. Zamani nilikuwa nanunua, nakunywa, narudisha chupa. Siku hizi kibuyu husuguliwa mpaka harufu ya maziwa ya juzi iishe. Kisha kaa la moto la mti wa senetwet hutumbukizwa ndani, likapondwa na kusuguliwa ubavuni hadi kuta ziwe nyeusi tii, na vumbi linalobaki likakung'utwa. Ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa yanamiminwa, kibuyu kinafungwa, na watu wazima tunaambiwa tungoje siku kadhaa.

Senetwet kwenye ploti yetu haipo. Basi mimi hutumwa kwa mama yangu, Bomet, nikarudi kwa matatu kupitia Kaplong na Litein, matawi mapajani, kondakta akinidai nauli ya mzigo. Mama, aliyehangaika na vibuyu ujana wake wote, alinitazama nikikata matawi hayo akauliza, "Kwani huko mjini maziwa ya pakiti yameisha?" Yeye bonasi ya majani chai ilipoingia alinunua jiko la gesi, na moshi hataki hata kuusikia.

Nilijifariji kwamba desturi ikirudi itarudi nzima. Katika desturi hiyo mzee hukaa kwenye kigoda, vibuyu ni kazi ya akina mama, na jikoni mwanamume hakanyagi. Nilipogusia hayo, mama watoto alisema kipengele hicho bado anakifanyia utafiti. Desturi anaichagua kama nyanya za gengeni: hii anaibonyeza, hii anaiweka kikapuni, ile yenye kigoda anairudisha kwa mwenyewe.

Wanariadha wetu wakirejea na medali hupokelewa uwanja wa ndege kwa kibuyu cha mursik. Mimi nilikabidhiwa kikombe huku nikiulizwa kama nimesafisha banda la kuku. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba ilikuwa tamu. Ilikuwa nzito, ya rangi ya majivu, yenye ule ukali unaokufanya ufumbe jicho moja. Nilitaka kulalamika, nikajikuta naomba kikombe cha pili, na hapo ndipo nilipojiponza.

Kwa kuwa nimeipenda, ameshaanza kupima kwa hatua ile sehemu iliyobaki kati ya tangi na ukuta. Anataka ng'ombe wa kufugia zizini. Nilimkumbusha kwamba kidesturi ng'ombe ni mali ya mwenye boma.

"Ndiyo, mzee," akasema kwa heshima zote. "Ng'ombe atakuwa wako."

"Na kukata majani ya nepia?"

"Hata nepia ni yako."