Kadinali wa Sebuleni na Padre wa Runinga

Ndugu yangu unayeishi na mke, watoto na mama mkwe chini ya bati moja, wewe utanielewa. Tamthilia mpya ilipotangazwa, nyumba yangu ilisimama. Mke wangu alilipia kisimbuzi kabla hajanunua hata umeme wa LUKU. Waziri wa Rimoti, yaani shemeji yangu mdogo, aliikalia rimoti tangu magharibi. Kadinali naye, yaani mama mkwe, mwenyekiti wa jumuiya na mwana WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wa kufa na kuzikana, akaamuru rozari isaliwe mapema. Rozari ya mama huyu haisogezwi hata kwa mvua ya mawe, lakini alikuwa amesikia kwamba kutakuwa na padre.

Padre akatokea kweli, anafungisha ndoa na kasula ya zambarau.

"Hii harusi au Kwaresima?" Kadinali akauliza.

"Mama, tusikilize kwanza," mke wangu akasihi. Mimi nikanyamaza; wakibishana mama na binti, baba mwenye nyumba hana kura.

Muda si mrefu padre yuleyule akatoka kuungamisha, akashika simu, akamsimulia tajiri mmoja dhambi zote za mkewe. Kadinali alisimama ghafla, bakuli la mchuzi wa samaki likaruka. Mkeka ukalowa, paka akatokomea na kichwa cha changu, na kitindamimba wetu akaangua kilio kwa sababu kichwa kile kilikuwa chake.

"Siri ya maungamo! Padre gani huyu?"

Na ana haki. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 983, inasema siri hiyo haivunjwi kabisa, na sheria hiyohiyo ya Kanisa inasema padre anayeivunja moja kwa moja anatengwa na Kanisa papo hapo. Tena utamu wenyewe uko hapo: padre anamjua muuaji aliyeungama kwake, anapishana naye sokoni, na hawezi kufumbua mdomo. Alfred Hitchcock aliitolea filamu nzima, I Confess, mwaka 1953. Hawa wetu wa tamthilia wameutupa utamu huo jalalani.

Wakristo wengine mle ndani ya tamthilia ni mzee wa kanisa anayeiba sadaka na mwanakwaya anayetembea na mume wa mtu. Sikatai, waovu wamo. Mwaka 2023 tuliona makaburi ya Shakahola, huko Kenya, ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa, yakifukuliwa, na uovu ule lazima usemwe. Kinachoniuma ni kwamba hakuna hata mmoja anayesali na kumaanisha. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki wamelijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo, watu wa nyumba chache wanaosomeana Injili na kuzikana, na tamthilia haikugonga hata mlango mmoja. Wangegonga kwetu wangemkuta Kadinali: mkali, mbishi, wa kwanza kufika msibani na sufuria kichwani, aliyekesha wodini na jirani yetu Mwislamu hadi akapata nafuu, kisha akamgombeza kwa kuchelewa kutumia dawa.

Sasa kila usiku anaitazama tamthilia hadi mwisho, apate ushahidi. Asubuhi ananiita, "Baba Neema, lete kalamu," naye anatamka barua ya kwenda kituo cha runinga. Waziri wa Rimoti anashauri tuifupishe. Mimi siifupishi. Jana tumefika kwenye kasula, na kuna aya nzima ya rangi.