Sifa kwa Jiko Lisilo na Ratiba

Kaya za kisasa za Mbezi Beach zinastahili pongezi. Kupanga chakula cha wiki nzima ni kazi ya watu wenye hofu. Serikali ndiyo husoma bajeti Dodoma kila Juni, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ndio hujaza mahindi maghalani. Nyumba yenye friji ya milango miwili haina haja na tahadhari hizo. Ndani ya friji mna maji baridi, ndimu moja na chupa ya tomato sosi. Hata Makumbusho ya Taifa hayajapangwa kwa utulivu huo.

Maharage? Yanataka kulowekwa usiku kucha, kisha yanavimba yenyewe bila ruhusa. Chakula kinachoongezeka bila kununuliwa tena kinatia shaka. Heri chipsi mayai za saa mbili usiku, zinazofika kwa bodaboda kama waziri ziarani, na nauli yake ikalipwa kwa moyo mweupe.

Mafuta nayo hununuliwa kwa Mangi, ya kupima, kila jioni. Dumu la lita 5 huwa nafuu kwa kila lita, lakini lingekaa jikoni wiki kadhaa, na staha iko wapi?

Mambo ya kudamkia soko la Ilala kutafuta sado ya nyanya yameachiwa mama ntilie. Yeye, maskini, hupiga hesabu kabla ya kuwasha moto. Mchana huwauzia wataalamu hao wali maharage.