Nukta Saba Tano

Jamaa yangu siku hizi hanywi bia, anaihukumu. Juzi kaletewa eli ya kahawia ya kiwanda kidogo, akaiinua kwenye taa kama anayekagua noti ya elfu kumi, akaizungusha, akatumbukiza pua mpaka povu likamshika masharubu. "Karanga," akanong'ona. "Karameli. Mkate ulioungua kidogo." Tukatazamana; mkate ukiungua nyumbani kwake, mtaa mzima husikia. Yote hayo ni kimea kilichokaangwa tu, lakini ukisema hivyo unaonekana mshamba. Kisha akatoa simu, akaandika alama: 3.75 kati ya 5. Hiyo nukta saba tano kaipima kwa mizani ya sonara?

Kule Newcastle, Uingereza, ambako bia yao ya kahawia ilianza kuuzwa mwaka 1927, wanywaji waliibandika jina la Mbwa, maana mtu aliaga nyumbani kwamba anakwenda kumtembeza mbwa, kumbe anakwenda baa. Mbwa huyo hakuulizwa kama ananukia karanga.

Nikamwuliza jamaa alama zilizobaki zimekwenda wapi.

"Povu halikudumu," akajibu, huku limemkaukia mdomoni.