Sifa za Uzi Usiokatwa

Katika Roblox, ambako watoto hutunga michezo na watoto wenzao wakaicheza, sijaona mtumishi mwaminifu kuushinda uzi ulioanzishwa ndani ya fanksheni kisha ukasahauliwa. Uambie mara moja tu, kwa task.spawn, upunguze afya ya mchezaji pointi 5 kila sekunde kwa kuwa amekanyaga dimbwi la sumu. Mchezaji atatoka dimbwini, uzi utaendelea. Akirudi kukanyaga, fanksheni itazaa uzi wa pili. Akirudi tena, wa tatu. Mwenye afya ya pointi 100, aliyestahili kufa kwa sekunde 20, sasa anakwisha kwa 7. Na ikiwa uzi unamtafuta kwa akaunti yake, akifufuka utakuwa umeshamfikia kumpokea. Mlinzi gani angekesha hivyo kwenye nyumba ambayo mwenyewe alishahama, bila mshahara, bila hata kuuliza?

Tena una adabu za kwao. Lua, ambayo lugha ya Roblox imetokana nayo, iliyozaliwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio nchini Brazili, iliwapa wanaskripti korutini: nyuzi zinazopokezana zamu, mmoja ukifanya kazi hadi utakapotamka kwamba unasubiri. Uzi wetu husema task.wait, ukapisha wenzake. Kitanzi kisichosubiri ni jeuri; huganda na kila kitu, kisha mfumo ukakikatiza na kutangaza kosa. Mnyenyekevu wetu haandikiwi kosa lolote. Seva inachoka kidogo kidogo tu, na lawama zinakwenda kwa mtandao.

Wanaolalamika kwamba hauzimiki wajitazame. task.spawn huwarudishia uzi wenyewe mkononi. Wao wakauweka kwenye kigeu cha local ndani ya fanksheni ileile. Fanksheni ikaisha, kigeu kikatoweka, uzi ukabaki. task.cancel ya kuukatiza ipo, tayari kabisa, ila hakuna uzi mkononi wa kuikabidhi. (spawn ya zamani ilikuwa na ukarimu zaidi: haikurudisha chochote, kwa hiyo hata mwenye nia njema hakuwa na la kufanya.)

Na heshima yake! Ukiuamuru ujikatize wenyewe kwa task.cancel ukiwa kazini, utapata kosa, kwa maana uzi unaotekelezwa haukatizwi. Huondoka kwa return, kwa hiari yake, au kwa kufika mwisho wa msimbo.

Wasiopenda uaminifu wa namna hii, dawa yao ni fupi. Jedwali liwe nje ya fanksheni, kila mchezaji na uzi wake. Kabla ya kuanzisha mpya, angalia kama upo wa zamani, uukatize. Mchezaji akitoka dimbwini, katiza. Akiondoka mchezoni, katiza, kisha ufute na nafasi yake kwenye jedwali.