Uainishaji wa Safari za Familia kwa Kigezo cha Kisingizio

Ushahidi wa kale zaidi wa safari ya familia nchini Tanzania uko Laetoli, kusini ya Olduvai. Mwaka 1978 kikosi cha mwanaakiolojia Mary Leakey kilianza kufukua nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Njia yenyewe ni ya mita 27 hivi. Kuna mkubwa, kuna mdogo anayekwenda sambamba naye, na inaonekana kuna wa tatu aliyekuwa akikanyaga mlemle alimokanyaga mkubwa, kama afanyavyo mtoto yeyote aliyekwisha kuonywa asichafue viatu. Wapo wanaobisha kwamba hawa walikuwa familia. Lakini Leakey mwenyewe aliona mahali ambapo mmoja wao kama vile alisita na kugeukia kushoto, na kwa maoni ya mwandishi huyu, mjadala ungefungwa hapo hapo. Anayesita namna ile katikati ya safari ni mama anayejiuliza kama alizima jiko.

Kuna jambo moja tu ambalo nyayo hazisemi: walikuwa wanakwenda kufanya nini. Makala hii inashikilia kwamba walikuwa na kisingizio, kwa kuwa hakuna mzazi wa nchi hii, tangu enzi hizo, aliyewahi kuwatoa watoto nyumbani na kuwapeleka mbali bila kisingizio.

Carl Linnaeus, katika toleo la kumi la kitabu chake Systema Naturae la mwaka 1758, aliwapanga wanyama wote aliowajua na kumpa kila mmoja jina la maneno mawili. Safari za familia hazikupata bahati hiyo. Waliojaribu kuzipanga wametumia kigezo cha mahali: za pwani huku, za mbugani huku, za mlimani kule. Ni kigezo dhaifu. Familia mbili zinaweza kukutana Bagamoyo Jumamosi moja, zikapiga picha kwenye magofu yaleyale ya Kaole, moja imekuja kwa sababu mtoto ana mtihani wa historia, nyingine kwa sababu mchana kuna kikao cha mirathi. Hizo ni spishi mbili ambazo haziwezi hata kuchangia maji ya kunywa. Kigezo sahihi ni kisingizio, yaani ile sentensi anayoitoa baba pale kaka yake anapopiga simu na kuuliza, "Kumbe hela ya kuzunguka na watoto unayo?"

Spishi kubwa kuliko zote, na iliyoenea zaidi, ni Safari ya Kwenda Nyumbani, kwa jina la kisayansi Safaria desembris. Makazi yake makuu ni barabara ya Dar es Salaam hadi Moshi na Arusha, na huanza kuonekana shule zinapofungwa. Kisingizio chake ni "Bibi anataka kuwaona wajukuu." Hakina mpinzani, kwa sababu mbili: kwanza ni cha kweli, pili hakuna mtu atakayempigia bibi simu kuhakiki.

Kitabia, hujikusanya alfajiri katika stendi ya Magufuli, Mbezi, ikiwa na mabegi, katoni ya mafuta ya kula, sukari, kitenge cha bibi, na ndoo yenye mfuniko iliyojaa maandazi. Mtoto mdogo hana siti. Anapakatwa, na kwa sheria isiyoandikwa popote atapakatwa mpaka siku miguu yake itakapogusa sakafu ya basi. Maandazi huisha kabla ya Chalinze. Korogwe machungwa huingia kwa dirishani na chenji hutoka kwa dirishani, gari likiwa limekwisha kuanza kutembea. Mahali fulani kwenye mkonge basi husimama watu wakachimbe dawa, na mtoto wa mjini hugundua kwa mara ya kwanza kwamba kuna mambo ambayo mama yake anaweza kuyafanya nyuma ya kanga iliyoshikwa na shangazi. Baada ya Same baba huanza kuwaamsha watu: "Angalieni Mlima! Kibo ile pale!" Watoto huangalia. Kuna wingu. Baba huapa kwamba Mlima uko nyuma yake, na mwaka unaofuata huapa tena mahali palepale.

Treni ya abiria ya Moshi iliporudi Desemba 2019, baada ya kutoonekana kwa zaidi ya miaka 20, spishi hii ilipata makazi ya pili, lakini tabia haikubadilika. Ikishafika kihambani, watoto hutengana na wazazi na kuingia katika himaya ya binamu zao, na kuanzia hapo mtafiti huwaona wakati wa kula tu. Siku ya kuchinja, mwanafunzi wa darasa la tatu kutoka Tabata huitwa ashike mguu wa mbuzi. Hushika kwa vidole viwili, uso ameugeuzia migombani. Bakuli la kisusio, ile supu ya damu, linapomfikia hulipitisha kwa baba, baba hulipitisha kwa mjomba, na mjomba hulitazama lile bakuli, akamtazama baba, asiseme kitu. Lakini jambo hilo litazungumzwa ukoo mzima hadi Pasaka.

Wenzetu wa Kenya wana spishi hiyohiyo, wao husema wanaenda shags. Ila tangu Madaraka Express ilipoanza kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, kumekuwa na hali ya kutia wasiwasi kiikolojia: bibi yuko Murang'a, watoto wamo kwenye treni inayoelekea baharini, na bibi ameambiwa "tutakuja Aprili."

Inafuata Safari ya Shughuli, ambayo hugawanyika katika harusi, kipaimara na msiba. Ya harusi haina la kuchunguza: watoto hushonewa nguo za kitambaa kimoja, hunyimwa soda hadi maharusi waingie, na hulala juu ya viti viwili vilivyounganishwa. Ya msiba ndiyo yenye utajiri. Simu huingia usiku, kufika saa kumi alfajiri Noah imeshapatikana, na kwa kuwa hakuna wa kumwachia watoto, watoto nao wamo. Kama ukoo ni wa Iringa au Mbeya, njia ni ya Morogoro, na njia ya Morogoro, kwa yapata kilomita 50, hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964.

Hapo sayansi inapata kazi. Watu wazima ndani ya gari wamenyamaza au wanahesabu michango. Nje, nyani wamekaa kando ya lami kama wanaosubiri daladala. Twiga anavuka bila haraka. Lipo bango linaloorodhesha faini ya kumgonga kila mnyama, na mtoto aliyejua kusoma mwaka huohuo hulisoma kwa sauti hadi mwisho, kisha akauliza kama twiga ni ghali kuliko hii gari yetu. Hajibiwi. Tembo anapotokea, dereva hupunguza mwendo mwenyewe, na kwa dakika mbili hivi hakuna mfiwa ndani ya Noah.

Miaka 20 baadaye mtoto huyo, sasa ana mke na kitambi, atasema mezani kwamba safari nzuri kuliko zote alizopelekwa na wazazi wake ni "ile tuliyokwenda kuangalia twiga." Baba yake ataweka kijiko chini. "Mwanangu, ule ulikuwa msiba wa shangazi yangu."

Ugunduzi mkuu wa utafiti huu umo katika kijiko hicho. Kisingizio ni kiungo cha mzazi peke yake. Mtoto hazaliwi nacho. Yeye hukusanya kila kitu cha safari, harufu ya gari, soda ya njiani, godoro lililotandikwa chini wakalala binamu saba, na kitu kimoja tu hakikusanyi, nacho ni sababu ya kwenda. Ndiyo maana mzazi na mtoto waliokaa siti moja hurudi na safari mbili.

Spishi ya tatu, Safaria poshonis, huishi juu ya mgongo wa semina. Baba ana warsha ya siku tatu Arusha, chumba kimeshalipiwa, na mama amegundua kwamba shule zimefungwa. Kitanda kimoja, watu wanne. Kifungua kinywa ni cha mmoja, lakini mayai ya kuchemsha husafiri vizuri ndani ya tishu. Watoto hufunzwa kwamba kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, wakimwona baba pale mapokezi akiwa na kitambulisho shingoni, wasimwite baba. Mwandishi amewahi kushuhudia msichana wa miaka mitano akimsalimu baba yake mzazi "Shikamoo, afisa," na afisa akajibu "Marahaba" bila kugeuza shingo. Hakuna mtoto anayesahau jambo la namna hiyo. Bwawa la kuogelea lilisaidia pia.

Safari ya Elimu ina kisingizio kimoja, "wakajifunze," na haihitaji aya ndefu. Familia huvuka kwa boti kutoka Mji Mkongwe hadi kisiwa cha Changuu. Mama husoma maelezo ya jengo lililojengwa liwe jela likaishia kuwa karantini. Mtoto anamtazama kobe. Wale kobe wakubwa, ambao mababu zao waliletwa kutoka Seychelles, wameandikwa umri wao kwa rangi kwenye magamba, na mtoto akishapiga hesabu kwamba huyu anamzidi bibi kwa zaidi ya miaka mia, somo limekwisha. La karantini halitamfikia kamwe.

Sasa kuhusu umri, maana kuna wazazi wanaopanga kana kwamba watoto watabaki watoto. Watu wazima walio wengi hawana kumbukumbu yoyote ya kabla ya miaka mitatu hivi. Kwa hiyo mtoto wa mwaka na nusu aliyepelekwa Ngorongoro amepelekwa kwa niaba ya albamu, na kilichomfurahisha kule kilikuwa funguo za gari. Kati ya miaka minne na sita huuliza "Tumefika?" kuanzia Kibaha. Kuanzia kumi na mitatu hivi huja mwili tu. Masikio yameshazibwa na spika ndogo, na akiulizwa kama amemwona simba husema "Nimemwona" bila kuinua macho. Msimu wenyewe ni ule wa katikati, na hata huo si wote wa mzazi. Juni ya darasa la nne na ya darasa la saba huliwa na kambi za mitihani, na likizo nyingine humegwa na masomo ya ziada ambayo mwalimu huyatangaza kwa barua yenye neno "hiari" na kiwango cha ada. Ukitoa hizo, ukatoa mwaka wa kujenga na mwaka mama alipojifungua, kinachobaki ni kidogo mno kukiahirisha kwa sababu pazia za sebuleni zimechakaa.

Juu ya kinachobaki kichwani, mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio zuri. Waliwaambia watu watie mkono kwenye maji baridi ya kuumiza kwa sekunde 60. Mara nyingine ikawa sekunde 60 zilezile pamoja na 30 za ziada, huku maji yakipashwa kidogo sana. Walipoulizwa wangerudia lipi, wengi walichagua lile refu, kwa sababu liliisha vizuri zaidi. Matumizi yake kwetu ni ya moja kwa moja. Safari ya familia huishia kwenye foleni ya kuingia jijini, kisha kwenye nyumba yenye giza ambamo uniti za LUKU zimeisha na samaki wa kwenye friji ameshatangaza msiba wake. Mzazi mwenye bajeti ndogo asihangaike na hoteli. Anunue umeme kabla ya kuondoka, na siku ya kurudi asimamishe gari chipsi zipatikane.

Imebaki spishi ya mwisho, Safaria tupu: safari isiyo na kisingizio chochote, ambayo familia huenda mahali kwa sababu inataka kwenda. Kwa muda mrefu ilidhaniwa haipo. Dalili zilianza mwaka 2024, treni ya umeme ilipoanza safari za Morogoro na Dodoma na watoto wakaona kwenye simu za wazazi jinsi inavyokwenda. Ikasemekana kwamba zipo familia zinazopanda asubuhi, zinafika Morogoro kwa chini ya saa mbili, zinakula, zinarudi jioni. Hawana mgonjwa, hawana semina. Wamepanda treni ili wapande treni.

Mwandishi alifanikiwa kuipata sampuli moja, mtaani kwake, Jumamosi asubuhi: baba, mama, watoto wawili wenye kofia, kikapu. Walikuwa wanafunga geti pale jirani alipopita.

"Baba Neema, habari za asubuhi. Safari?"

"Njema. Tunafika Morogoro mara moja."

Jirani akatazama kikapu, akatazama watoto, sauti ikashuka. "Kwema lakini?"

"Kwema, kwema kabisa." Baba Neema akahamisha kikapu mkono wa pili. "Kuna kiwanja tunakwenda kukiangalia."

"Kiwanja gani, baba?" akauliza Neema.

"Kipo upande gani?" akauliza jirani. "Maana na mimi natafuta."

"Kihonda," akasema baba, na mama akageuka kumtazama.

Waliporudi jioni walikuwa na picha nyingi za treni, na namba ya simu ya dalali.