Jinsi ya Kukumbuka Usiyoyafanya, Ukiwa Eldoret

Kichwa ni cha kuvalia kofia. Siku hizi simu ndiyo inayokumbuka. Mwaka 1945 Mmarekani Vannevar Bush aliwaza mashine ya kumhifadhia mtu vitabu na barua zake zote, akaiita Memex. Baadaye Gordon Bell wa Microsoft akatembea na kamera shingoni ikipiga picha yenyewe. Waungwana hao walitaka kukumbuka yaliyotokea. Wewe una makuu zaidi: unataka kukumbuka usiyoyafanya.

Kwanza, nunua saa ya GPS. Inahesabu kilomita na mapigo ya moyo, ila haiulizi mkono ni wa nani. Alfajiri mfungie kijana anayeelekea mazoezini Kaptagat, kisha urudi kulala. Programu ya mbio ya Strava itaandika jina lako. Usione haya: Indonesia, mwaka 2024, vijana walijitangaza waziwazi kuwakimbilia wengine kwa malipo. Chagua tu kijana wa wastani. Ukimpa wa kambi ya wanariadha, jioni utakuta umemaliza kilomita 30 bila kuhema, na jirani anayekijua vizuri kitambi chako atataka kujua meneja wako ni nani.

Wala usimwige bingwa wa marathoni Eliud Kipchoge. Yeye huandika mazoezi yake kwa kalamu, daftari baada ya daftari, tangu 2003. Daftari lina ubaya mmoja: lazima ukimbie mwenyewe.

Pili, harusini piga picha kila kitu. Maziwa ya mursik yakiletwa, inua simu kabla ya kikombe. Zikifika mia nne, acha. Hutazitazama, lakini baada ya miaka mitatu, asubuhi moja, simu itakuletea picha tano na kukuambia ulifurahi. Iamini.

Tatu, hapa fungua masikio. Shajara ya kweli ya Mkenya ni M-Pesa, tangu 2007: jina, kiasi, tarehe, saa na dakika. Nyumbani umesema ulikuwa kwenye kesha la maombi mtaani Langas. Ujumbe unasema saa tano na dakika 12 usiku ulilipia nyama choma, kilo mbili ukikisia kwa bei. Kufuta ujumbe hakusaidii, maana taarifa yote huombwa upya kwa laini hiyo hiyo, na mwenzio anaijua PIN yako. Basi usiku wa namna hiyo beba noti. Na mwenye bucha akikosa chenji, usimwambie akutumie kwa simu.